Kufundisha Jinsi Dawa za Kulevya Zinavyoathiri Ubongo: Somo la Sayansi, Darasa la VI

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alifundisha madhara ya bangi katika shule iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwaambia wanafunzi kwamba mtu akivuta mara moja tu huwa mwendawazimu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona baba mdogo anavuta na anashona nyavu vizuri?" Akaamriwa akae. Darasa likanyamaza hadi kengele ilipolia.

Mwanachuo yule alikuwa na haki ya kuonya, lakini alitoa tishio mahali pa maelezo. Mtoto akigundua kuwa mwalimu ametia chumvi katika jambo moja, hatamwamini katika jambo la pili, ambalo pengine ndilo litakalookoa maisha yake. Makala haya yanapendekeza hatua nne za kufundisha somo hili.

Hatua ya kwanza: Jaribio la rula. Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja ashike rula wima. Mwenzake aweke vidole kwenye sifuri bila kuigusa. Rula iachwe ghafla, naye aidake. Akiidaka kwenye sentimita 15, ametumia karibu sekunde 0.17. Waulize: muda huo umetumika wapi? Habari imesafiri kutoka jichoni hadi ubongoni, na amri imeteremka kwa njia ya uti wa mgongo hadi vidoleni.

Hatua ya pili: Mfano wa mwalo. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kati ya seli na seli, mara nyingi pana mwanya mdogo mno uitwao sinapsi. Mtoto wa Mwamgongo, aliyezoea kuona abiria wakipanda boti kwenda Kigoma mjini, ataelewa upesi. Habari hufika ukingoni mwa seli kwa umeme, kama abiria anayeteremka mwaloni kwa miguu. Hapo huvushwa na kemikali, kama abiria avushwavyo na boti, na kemikali hiyo hutia nanga katika kipokezi cha seli ya pili.

Hatua ya tatu: Kazi ya dawa. Chora ubaoni boti na gati zake. Kafeini iliyomo katika kahawa, kama ile ilimwayo Kalinzi, hukalia gati la kemikali iletayo habari za uchovu. Uchovu upo, bali habari zake hazifiki. Kiini cha bangi hufanana na kemikali fulani za mwili, hivyo hutia nanga katika gati zake na kuvuruga kumbukumbu na hisia ya wakati. Pombe huzipa nguvu habari za kutuliza na kuzidhoofisha za kuamsha. Kwa hiyo mlevi huyumba, na angechelewa kuidaka rula. Heroini hudhoofisha sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi, hata pumzi ikaweza kukoma.

Hatua ya nne: Maswali. Mtoto atasema kwamba pombe huondoa baridi ya ziwani. Usimkemee. Mweleze kuwa pombe hutanua mishipa ya damu iliyo ngozini. Ngozi huhisi joto, huku mwili ukizidi kupoteza joto lake la ndani. Mvuvi wa dagaa aliyelowa usiku hudanganywa na neva zake mwenyewe.

Na yule wa baba mdogo ajibiwe hivi: "Ni kweli, si kila avutaye bangi hupatwa na wazimu. Lakini bangi huongeza hatari ya ugonjwa wa akili, na hatari huzidi kwa anayeanza akiwa mdogo, kwani ubongo huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Wa kwako ungali unajengwa."

Tahadhari: usimtake mtoto yeyote ataje anayetumia dawa hizo nyumbani kwao. Bangi imekatazwa na sheria, na mtoto aliyekuja kujifunza asigeuzwe shahidi dhidi ya jamaa zake.

Zoezi: Andaa jibu la kweli, lisilozidi sentensi tatu, kwa mtoto aulizaye: "Mwalimu, mbona wewe unakunywa kahawa?"