Cherehani ya Nyumbani: Nyuzi Mbili Zipatane



Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki iko cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyofunikwa kitambaa, nayo imegeuka kuwa meza ya kuwekea vyombo. Ilinunuliwa kwa fedha ya kahawa, au ya pamba, au ya mbuzi waliouzwa. Wenyewe walitumaini kushona sare za watoto na kupata shilingi kidogo kwa kazi ya majirani. Muda wa mwaka mmoja ilishona vema. Kisha uzi ukaanza kukatika, na mshono ukawa na vitanzi chini ya nguo. Mwenyewe akalegeza skurubu hii, akakaza ile, akaigeuza na ya tatu, hata asijue tena zilivyokuwa mwanzo. Tangu siku ile cherehani yaitwa kaidi, na sare za watoto zapelekwa kwa fundi kwa malipo.

Sisi twasema, cherehani haina ukaidi. Ni chombo cha chuma, hufuata sheria yake siku zote, na makosa yake mengi yana sababu iwezayo kuonekana kwa macho. Katika somo hili twataka kuieleza sheria hiyo, na jinsi ya kuitayarisha cherehani, na jinsi ya kutafuta kosa kwa utaratibu, tukianza na lile lisilogharimu kitu. Yafaa asomaye aketi mbele ya cherehani, aguse kila kitu tukitajacho.

1. Jinsi ishonavyo

Mtu ashonaye kwa mkono hutumia uzi mmoja, na sindano yake hupita nzima katika nguo, ikatokea upande wa pili. Cherehani haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa sindano yake imeshikwa juu. Jambo hili liliwasumbua wavumbuzi muda mrefu. Katika Ufaransa, Barthélemy Thimonnier alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1830 kwa cherehani ishonayo kwa uzi mmoja, vitanzi vikishikana kama mkufu. Na mwaka 1831 mafundi wa Paris, wakiogopa kupotewa na riziki yao, waliivamia karakana yake wakazivunja cherehani. Katika Marekani, Elias Howe alipewa hati mwaka 1846 kwa cherehani yenye nyuzi mbili, na sindano iliyotobolewa karibu na ncha yake. Mwaka 1851 Isaac Singer alipewa hati kwa cherehani yake, ambayo sindano husimama wima na nguo hulala juu ya meza, kama tuonavyo hata leo. Cherehani ya Singer ya namba 15 iliigwa sana katika Japani baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, na katika Uchina pia. Butterfly, ijulikanayo sana kwetu, ni ya ukoo huo.

Sasa zungusha gurudumu la mkono polepole, utazame. Sindano yashuka na uzi wa juu, yatoboa nguo. Ikianza kupanda kidogo, uzi ule hautoki mara moja, bali hufanya kitanzi kidogo chini ya nguo. Hapo ndoana hukidaka kitanzi, ikakipitisha kuizunguka bobini, yaani kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini. Kisha mkono mdogo ulio juu, upandao na kushuka mbele ya cherehani, huvuta uzi wa juu, na nyuzi mbili zashikana. Meno ya chuma yaliyo chini ya nguo huisukuma nyuma hatua moja, na kazi huanza tena.

Basi kila mshono ni mahali nyuzi mbili zikutanapo, na pakutanio hapo sharti pafichwe katikati ya unene wa nguo. Fikiri vijana wawili wavutanao kamba yenye fundo katikati. Wakiwa na nguvu sawa, fundo halisogei. Mmoja akishinda, fundo huenda upande wake. Hii ndiyo sheria tuliyoitaja. Aishikaye ataweza kusoma mshono wake kama asomavyo barua.

2. Mahali pake na kuikanyaga

Iweke cherehani pahali palipo sawa, isitikisike, penye mwanga utokao upande wa kushoto, kwa maana sindano iko kushoto. Tazama mkanda wa ngozi uunganishao gurudumu kubwa la chini na lile dogo la juu. Ukilegea, huteleza, na cherehani haina nguvu. Ukikazwa mno, miguu huchoka bure. Ngozi hunyooka kwa matumizi. Basi ikate kidogo sana, uiunge tena kwa kikulabu chake.

Mwanafunzi asianze na uzi. Ainue mguu wa cherehani, yaani kile chuma kikandamizacho nguo, kisha alegeze skurubu kubwa ya katikati ya gurudumu la mkono, ili sindano isimame wakati gurudumu lizungukapo. Aweke miguu yake yote miwili juu ya kanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwingine, aanzishe gurudumu kwa mkono wa kulia. Katika cherehani nyingi upande wa juu wa gurudumu huja kwake mshonaji. Likirudi kinyume, uzi hutatizika na kukatika. Na ajizoeze hivi mpaka aweze kuanza, kwenda polepole, na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma hata mara moja. Mwenye cherehani ya umeme na akumbuke kuchomoa waya ukutani kabla ya kugusa sindano.

3. Sindano

Katika cherehani yote hakuna kitu cha bei ndogo kama sindano, wala hakuna kiletacho taabu nyingi kuliko hicho. Sindano ina upande mmoja bapa karibu na kichwa chake, na upande wa pili ina mfereji mrefu. Upande bapa sharti uelekee kwenye ndoana. Mfereji uelekee kule uzi uingiako. Isukume juu mpaka ikome, ndipo ukaze skurubu yake. Ikibaki chini kidogo tu, ndoana haidaki kitanzi sawasawa, na mshono utaruka.

Sindano ichaguliwe kwa nguo. Namba 11, iandikwayo pia 75, ni ya kitambaa chepesi. Namba 14, yaani 90, ni ya khanga na kitenge. Namba 16, yaani 100, ni ya khaki. Namba 18, yaani 110, ni ya nguo nzito kama turubai. Ukishuku kwamba sindano imepinda, ilaze upande wake bapa juu ya kioo. Mwanga chini yake ukiwa sawa toka mwanzo hata mwisho, ni nzima. Sindano butu au iliyopinda isirudishwe sandukuni pamoja na nzuri.

4. Uzi wa chini na uzi wa juu

Jaza bobini kwa usawa, wala isijae hata uzi kufurika. Itie katika nyumba yake, kisha uvute uzi mpaka uingie chini ya ule ubamba wa chuma unaoubana. Shika ncha ya uzi, uiache nyumba ya bobini ining'inie hewani. Isishuke yenyewe, lakini ukiurusha mkono kidogo, ishuke kidogo, isimame. Ikianguka moja kwa moja, uzi umelegea. Ikikataa kabisa, umebanwa mno.

Uzi wa juu utiwe wakati mguu umeinuliwa, na ule mkono mdogo uko juu kabisa. Toka katika kibiringo, upite katika vishikio vyake, uingie katikati ya vile visahani viwili vibanavyo uzi, upande katika tundu la ule mkono mdogo, ushuke mpaka sindanoni. Hapa watu wengi hukosa, maana uzi hulala juu ya visahani pasipo kuingia katikati yake. Ili kuhakikisha, shusha mguu, uvute uzi taratibu. Ukiwa mahali pake utausikia ukikaza.

Mwisho, shika ncha ya uzi wa juu kwa mkono wa kushoto, uzungushe gurudumu mara moja. Uzi wa chini utapanda wenyewe kama kitanzi. Vute nyuzi zote mbili nyuma ya mguu, kiasi cha sentimita 10.

5. Kushona

Kata kipande cha nguo ile ile utakayoshona, ukikunje mara mbili, ujaribu kwanza juu yake. Tunakazia sana neno hili. Nguo uliyoletewa na jirani ni amana. Kitambaa kikisha tobolewa hakirudi kuwa kama mwanzo, na uaminifu wa mshonaji hupotea kwa mshono mmoja.

Urefu wa hatua uwe kama milimita 2.5 kwa nguo za kawaida, yaani hatua 10 hivi katika inchi moja. Angalia namba za cherehani yako: katika nyingine namba huhesabu hatua za inchi moja, na namba kubwa ni hatua fupi, katika nyingine huhesabu milimita, na namba kubwa ni hatua ndefu.

Weka nguo, shusha mguu, zishike nyuzi mpaka hatua tatu za kwanza zipite. Mikono yako iiongoze nguo tu. Isiivute, kwa kuwa meno yanajua kazi yake, na mwenye kuvuta huipinda sindano, ikapiga chuma na kuvunjika. Ukifika pembeni, iache sindano ndani ya nguo, inua mguu, geuza nguo, shusha mguu, uendelee. Ukimaliza, upandishe ule mkono mdogo juu kabisa ndipo uitoe nguo.

6. Kutafuta kosa

Sasa geuza kile kipande cha majaribio, uusome mshono. Vitanzi vikionekana chini ya nguo, watu wengi huifungua bobini mara moja na kugeuza skurubu yake. Hapa ndipo cherehani nyingi zilipoharibiwa. Kumbuka vijana wa kamba: fundo limekwenda chini kwa sababu wa chini ameshinda, na ameshinda kwa kuwa wa juu ni dhaifu. Basi alama iliyo chini yaonyesha kosa la juu. Tia uzi wa juu upya, uhakikishe umeingia katika visahani. Mara nyingi hiyo yatosha. Kadhalika, ikiwa uzi wa juu umenyooka juu ya nguo kama waya, na vinundu vya uzi wa chini vyatokeza juu, ni kwamba wa juu amebanwa mno, au wa chini amelegea.

Yafuate haya kwa taratibu, wala usiruke hata moja. Kwanza, toa uzi wote wa juu, uutie upya. Pili, itoe bobini, uirudishe, utazame kama uzi uko chini ya ubamba wake. Tatu, badili sindano. Nne, ondoa vumbi na nyuzi zilizokwama chini ya meno na katika ndoana. Tano, igeuze skurubu ya visahani vya juu kidogo kidogo, ukijaribu kila mara juu ya kitambaa. Skurubu ndogo ya nyumba ya bobini iwe ya mwisho kabisa, nayo isigeuzwe zaidi ya robo ya mzunguko. Andika ulivyoigeuza, ili uweze kuirudisha.

Mshono ukiruka, ishuku sindano kwanza. Uzi wa juu ukikatika, tazama njia yake, kisha visahani, kisha tundu la sindano kama linautosha uzi. Yote haya yakikosa kufaa, ndipo umwite fundi, nawe utaweza kumweleza uliyokwisha kuyajaribu.

7. Kuitunza

Usiopoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya kazi, futa vumbi kwa brashi ndogo. Tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta na pale chuma kisuguanapo na chuma. Mafuta ya nazi au ya kupikia hayafai kabisa, maana huganda na kuwa kama gundi. Kisha uizungushe cherehani pasipo uzi, mguu ukiwa juu, na ushone kwanza kitambaa kikuukuu, mafuta yasije yakaichafua nguo njema. Usikanyage kamwe mguu ukiwa chini pasipo nguo, kwa kuwa meno husaga mguu na kujisaga yenyewe. Na watoto wafundishwe kutotia vidole karibu na sindano wala katika magurudumu.

Mtu ajuaye mambo haya hategemei bahati. Akiona kosa, huuliza: Ni uzi upi ulioshinda, na kwa sababu gani? Akiisha kupata jibu, mkono wake hujua pa kwenda.

Maswali ya kujijaribu

1. Pakutanio la nyuzi mbili sharti liwe wapi?
2. Upande bapa wa sindano waelekea wapi, na mfereji wapi?
3. Vitanzi vikionekana chini ya nguo, utaanza kutazama wapi, na kwa nini?
4. Taja mambo matano ya kufanya kabla ya kugusa skurubu ya bobini.
5. Kwa nini mafuta ya nazi hayafai?