Mtungi wa Maji kwa Misuli Iliyokaza

Mama anayeanika omena pale Dunga, hapa Kisumu, hushinda ameinama. Dereva wa boda wa Kondele naye hushinda amekunja magoti. Jioni ikifika, kila mmoja analalamika kuwa mwili umekaza, anajinyoosha dakika mbili tatu, anapata nafuu, na asubuhi mambo yamerudi yalivyokuwa. Mara nyingi tatizo si kwamba msuli ni mfupi. Mishipa ya fahamu ndiyo inayouzuia usifike mahali ambapo haujazoea kufanya kazi. Ukitaka ulegee na ubaki hivyo, uzoeze kubeba mzigo ukiwa umevutika.

Jimu si lazima. Tafuta mtungi wa lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo unaweza kupandisha uzito kidogo kidogo kwa kikombe, jambo ambalo vyuma vingi vya jimu haviruhusu.

Kwanza tembea haraka dakika tano, hata kama ni saa nane mchana. Jua la Kisumu hulowesha shati tu, halipashi misuli.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la nyuma ya mapaja. Tia lita 2 au 3 mtungini, ushike kwa mikono miwili mbele ya mapaja, miguu ikiachana kidogo. Legeza magoti, kisha sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa kiuno huku mikono imejaa. Mgongo ubaki umenyooka. Ukianza kupinda, umeshuka mno. Shuka polepole ukihesabu hadi tano. Pale unapohisi mvuto, tulia, vuta pumzi tatu, kisha inuka. Rudia mara nane, pumzika, ufanye mizunguko mitatu. Usidundedunde kule chini. Vijana wanapenda sana jambo hilo na halina faida hapa.

Dereva wa boda aongeze la nyonga: goti moja chini juu ya kitambaa, mguu wa pili mbele, mtungi kifuani, kaza makalio na usogee mbele taratibu. Kwa mashavu ya miguu, simama kwenye ukingo wa ngazi, shika ukuta, shusha visigino polepole, upande tena.

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Marudio nane yakiwa rahisi, ongeza nusu lita. Mabadiliko yanayodumu huchukua wiki kadhaa.

Maumivu ya kesho yake na kesho kutwa ni ya kawaida. Siku hizo tembea, usilale kutwa. Yakifika siku ya nne, punguza maji. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, ni sababu ya kuacha na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, ni mahali pa kuanzia.

Huku ziwani kuna tahadhari mbili zaidi. Mwili mzima ukiuma na una homa, usisingizie mazoezi. Kapime malaria siku hiyohiyo. Mwenye selimundu naye azungumze kwanza na kliniki yake, kwa sababu kujichosha na kukaukiwa maji kunaweza kumwamshia maumivu makali. Akiruhusiwa, aanze bila uzito, anywe maji kabla na baada, na afanye asubuhi kabla jua halijawa kali.