BANGO KWENYE PLOTI LINA SIKU ZAKE

Ukitembea mitaani Thika au Ruiru, huenda ukaona ploti iliyosimamishwa bango lenye maandishi madogo. Wengi wetu hulipita tu kama tangazo la mganga. Katika makala haya nataka tujifunze linasema nini, kwa sababu linamhusu kila jirani.

Tuanze na maana. Mpango wa matumizi ya ardhi ni ramani pamoja na kanuni zake. Husema hapa ni makao, pale ni viwanda, kule ni kilimo au biashara. Kila sehemu huitwa kanda. Lengo ni watu wasilale ukutani mwa kiwanda, na shule isikose mahali pa kujengwa.

Je, mwenye ardhi si anaweza kufanya apendavyo? La hasha! Kifungu cha 66 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu Serikali kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya na mipango. Kwetu hapa, kazi ya kupanga miji ni ya Kaunti ya Kiambu.

Kazi hiyo si ndogo. Katika sensa ya 2009, Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Sensa ya 2019 ilipata watu 490,120, yaani zaidi ya maradufu kwa miaka kumi! Barabara Kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012 na kuuleta Nairobi karibu. Ruiru, ambayo jina lake limepewa aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985, Ruiru 11, imeona mashamba mengi ya kahawa yakikatwa ploti.

Sasa tuje kwenye bango. Tuseme ploti ilipangiwa nyumba ya familia moja, na mwenyewe anataka kujenga fleti za familia 30. Maji ni yale yale, barabara ni ile ile, na shimo la maji taka lilichimbiwa watu wachache. Kwa hivyo ni lazima aombe kibali cha kubadilisha matumizi, na umma ujulishwe. Tangazo hutaja nambari ya ploti, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, na siku za kupinga, ambazo mara nyingi ni 14.

Ukiona bango, fanya hivi:

1. Nakili nambari ya ploti na tarehe.
2. Zungumza na majirani. Barua yenye sahihi nyingi ina uzito.
3. Andika sababu kamili. Kusema "hatutaki" hakutoshi. Eleza habari ya maji, mtaro, kelele au njia ya watoto wa shule.
4. Peleka barua kabla ya siku kwisha, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Naam, hata ukimya wa ofisi ni jibu! Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mambo ya mipango. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mtaani utasikia watu wakisema, "Aa, hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tutafanya nini?" Halafu matofali yakifika, hao hao ndio wa kwanza kulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu ukuta utajengwa na mwingine, nawe utaufungulia dirisha kila asubuhi.

Basi, mwanachama mwenzangu, wewe unajua kusoma. Wazee wengi mtaani hawana muda wa kusimama. Simama wewe, usome, kisha uwaambie nyumbani jioni hiyo hiyo.