Boya Nililotaka Tulinyamazie

Likizo hii rafiki yangu wa parokiani alinialika kwenye mashindano ya katamarani, wikiendi nzima, kwenye ziwa dogo. Katamarani ni boti ya tanga yenye mitumbwi miwili sambamba. Yetu ilikuwa Hobie 16, watu wawili: yeye kwenye usukani, mimi tanga la mbele.

Boti haiwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Unapiga bisho, kushoto, kulia, mpaka ulifikie boya. Jumamosi, tukiwa wa tatu, tulilizunguka kwa karibu mno, tukaligusa. Kidogo tu.

Kanuni ya 31 inakataza. Ukigusa, unajiadhibu mwenyewe: unajitenga na wenzako, unaizungusha boti mzunguko mmoja kamili. Mara nyingi hakuna refa majini.

Nikamwambia, "Kaka, hakuna aliyeona. Twende."

Mimi huyo! Chuoni niliandika insha ndefu juu ya pete ya Gyges, ile anayoisimulia Plato kwenye kitabu cha pili cha Jamhuri: ukiivaa na kugeuza kito chake upande wa kiganja huonekani, je, bado utatenda haki? Nilijibu ndiyo, kurasa sita (na alama nilipata nzuri). Majini nilijibu hapana kwa sekunde moja.

Rafiki yangu hakusema neno. Akasukuma usukani, tukazunguka. Boti nne zikatupita. Nilinuna mpaka jioni.

Jumapili, kabla ya Misa ya kwanza, nilikwenda kuungama. Nilianza na lile boya.