Kabla Hujalipa Ada ya Ufundi wa Upasuaji, Omba Daftari la Kesi

Mpwa wangu amefaulu mtihani wa CST, wa cheti cha fundi sanifu wa upasuaji, na tangu habari ifike kwenye kundi la familia la WhatsApp simu yangu haipumziki. Wazazi wa hapa Dallas, Wakongomani wa Fort Worth, hata shemeji aliyeko Houston, wote wanauliza jambo moja: alisoma chuo gani? Jina la chuo halitawafaa sana, maana programu nzuri ya leo yaweza kuporomoka mkuu wake akiondoka kesho. Kitakachowafaa ni kujua namna ya kuipima, kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: fundi sanifu wa upasuaji ndiye anayepanga meza ya vyombo, anayehesabu sindano na vitambaa vya damu pamoja na nesi, na anayemkabidhi daktari kila anachokihitaji wakati mgonjwa amelala mezani. Nyumbani kazi hii mara nyingi hufanywa na nesi wa thieta. Marekani ina masomo yake na mtihani wake, nami imenilishia watoto.

Hatua ya kwanza: uliza idhini ya programu, si ya chuo

Hapa ndipo nilipokasirika. Mpwa wangu alikuwa ameshaongea na chuo kimoja cha kibiashara, akaniambia, "Mjomba, wanataka nisaini Ijumaa." Nikamwambia twende wote.

Mwandikishaji alitupokea kwa kahawa na tabasamu, akatupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi kutuonyesha mfano wa roboti la upasuaji. Alilizungumzia muda mrefu. Mimi sina ugomvi na roboti la da Vinci. Ni mashine ninayoifanyia kazi na kuiheshimu. Lakini roboti chuoni ni pambo. Hospitali itakayokuajiri itakufundisha mashine yake yenyewe, kwa taratibu zake. Nilichotaka kuona ni trei za vyombo vya kawaida, na nyuzi. Nikaomba droo ifunguliwe. Pakiti za Vicryl zilikuwa zimepangwa safi kabisa, hakuna hata moja iliyochanwa. Mwanafunzi anatakiwa azifungue nyuzi hizo na kuzipachika kwenye kishika sindano mpaka vidole vizoee kufanya hivyo bila macho kusaidia. Droo nadhifu kiasi kile ilinipa mashaka kabla sijauliza lolote.

Kisha nikauliza kama programu imeidhinishwa. Akanionyesha cheti kilichotundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu. Nikamwambia hicho ni cha chuo, mimi naulizia programu. Akajibu kwamba ni kitu kilekile.

Si kitu kilekile! Idhini ya chuo ndiyo inayomwezesha mwanafunzi kupata msaada wa serikali kama Pell. Idhini ya programu, inayotolewa na mashirika ya CAAHEP au ABHES, ndiyo inayomfungulia mhitimu mlango wa mtihani wa CST. Unaweza kusoma kwa msaada wa serikali mwaka mzima, ukavaa joho, kisha ukakosa sifa ya kuketi kwenye mtihani. Na hapa Texas, kama ilivyo New York, New Jersey na Tennessee, sheria inazitaka hospitali kuajiri wenye mafunzo na cheti kinachotambulika, ukiacha watu wachache walioachiwa nafasi na sheria yenyewe. Nilipombana, akasema idhini "iko njiani". Binti wa dada yangu hawezi kulipia kitu kilicho njiani. Ada yao ilikuwa zaidi ya mara tatu ya chuo cha jamii kilicho jirani, na mtu yule alikuwa tayari kumwandikia mkopo kijana wa miaka ishirini kwa ahadi tu. Nililaani biashara hiyo siku ile na naendelea kuilaani. Orodha za CAAHEP na ABHES ziko wazi mtandaoni. Zisome mwenyewe kabla hujapanda gari.

Hatua ya pili: asilimia ya ufaulu, na waliobaki nje yake

Mtihani wenyewe una maswali 175 kwa saa nne, na yanayohesabiwa ni 150. Kila chuo kitakutajia asilimia ya waliofaulu. Uliza walianza wangapi, walimaliza wangapi, walifanya mtihani wangapi. Tuseme walianza 20, wakamaliza 8, wakafanya mtihani 5, wakafaulu 4. Chuo kitajisifu kwa asilimia 80, na hakitakuwa kimesema uongo. Lakini kati ya kila vijana watano waliolipa ada, mmoja tu ndiye aliyepata alichokifuata. Programu za CAAHEP hutakiwa kuhakikisha wahitimu wao wote wanaufanya mtihani, na angalau asilimia 70 wanafaulu. Chuo kinachowachuja wanafunzi ili waingie wenye uhakika tu kinaficha jambo.

Hatua ya tatu: daftari la kesi

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala haya, soma hii.

Mtaala wa taifa unamtaka mwanafunzi ashiriki angalau kesi 120 za upasuaji kabla ya kuhitimu: 30 za upasuaji wa jumla na 90 za fani nyingine kama mifupa, macho, uzazi au njia ya mkojo. Waandikishaji wanaipenda namba 120. Wanaijua kwa kichwa. Ambacho hawakisemi ni kwamba angalau 80 kati ya hizo lazima mwanafunzi awe amesimama nafasi ya kwanza mezani.

Nafasi ya kwanza ina masharti matano, na yote yatimie katika kesi hiyohiyo: umehakiki vifaa, umepanga meza mwenyewe, dawa zikiwemo, umehesabu pamoja na nesi mwanzoni na mwishoni, umekabidhi vyombo wakati wa upasuaji, na umelinda usafi wa eneo lote lililotakaswa. Likipungua moja, kesi hiyo ni ya nafasi ya pili, kama ya mtu aliyeshika kamera au kukata nyuzi. Aliyetazama tu hapati hesabu yoyote.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu nawaona. Kuna chuo hutuletea wanafunzi wengi kuliko vyumba tulivyonavyo asubuhi hiyo, nao husimama ukutani mikono imefungwa kifuani, kutwa nzima, wakiogopa hata kuuliza. Ni vijana wenye akili na hamu. Wamelipa ada wafundishwe, na chuo chao kimewakodishia ukuta. Wengine wanahitimu, wanaajiriwa, na kesi ya kwanza ya dharura inapoingia usiku, mgonjwa anavuja damu na daktari ameshanyoosha mkono, hawajui mkono ule unadai nini. Hilo linaniuma kuliko ada, kwa sababu aliyelala mezani hakuchagua chuo chochote.

Kwa hiyo omba hivi: "Naomba kuona muhtasari wa kesi za wahitimu wenu wa mwaka jana, majina yakiwa yamefutwa." Kwenye chuo cha kibiashara niliambiwa ni siri ya mwanafunzi, na nilipokumbusha kuhusu kufuta majina, mwandikishaji akatazama saa.

Kwenye chuo cha jamii mambo yalikuwa mengine kabisa. Jengo la zamani, taa moja ya korido inawaka na kuzima, hakuna kahawa. Mkuu wa programu, mama aliyesimama mezani miaka mingi kabla ya kufundisha, hakuuliza mimi ni nani. Alifungua kabati, akachomoa faili, akaweka karatasi tatu mbele ya mpwa wangu. Safu ya nafasi ya kwanza ilikuwa imejaa. Majina ya hospitali yalikuwa tofauti tofauti, kwa hiyo fani nazo zilitofautiana. Hakukuwa na kijana aliyemaliza mwaka mzima kwenye kituo kimoja cha mtoto wa jicho. Kwenye karatasi ya tatu alitia kidole mwenyewe: "Huyu alipungukiwa kesi za upasuaji wa jumla. Tulimhamishia hospitali nyingine mpaka akatimiza, ndipo tukamwachia." Sikumwuliza jambo hilo, alilisema mwenyewe. Nilimtazama mpwa wangu, naye alikuwa ameshatoa kalamu ya kujaza fomu.

Ukipata karatasi hizo, soma mambo matatu: safu ya nafasi ya kwanza, idadi ya hospitali, na tarehe. Kesi nyingi zilizorundikana wiki ya mwisho ni dalili kwamba mtu alikuwa anatafuta namba. Kisha mpigie mwelimishaji wa thieta katika hospitali mojawapo iliyotajwa, umuulize huwapokea wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na wa chuo hicho huanza lini kupanga meza wenyewe. Wafanyakazi wa thieta hawana sababu ya kukipamba chuo cha mtu. Wanajua wanafunzi gani wakija kazi inakwenda.

Yaliyobaki

Vitabu: ukikuta wanatumia cha chama cha taaluma hii, AST, au kile cha Fuller, vyote vinatosha, mimi nampenda Fuller. Chanjo na ukaguzi wa kumbukumbu za polisi anza mapema, vinachelewesha wengi. Uliza umbali wa hospitali za mazoezi, kwa sababu zamu huanza kabla basi la kwanza halijapita. Usisaini siku uliyotembelea, hata ukiambiwa nafasi imebaki moja.

Na ombi la karatasi za kesi litume kwa barua pepe kabla ya kwenda. Programu inayowasimamisha wanafunzi wake mezani itakutumia bila shida. Isipokujibu, ada yako iende kwingine.