Mbegu Hazikuota, Nikamlaumu Mwanafunzi

Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu, naomba niwasimulie kosa langu mapema, msije mkalirudia.

Mada ilikuwa uotaji wa mbegu. Nikaandika ubaoni masharti matatu kama tulivyokaririshwa sote: maji, hewa, joto. Kisha nikagawa mbegu za mrehani, ishirini kwa kila kikundi, udongo wajiletee wenyewe. Nilichagua mrehani kwa sababu kukiwa na joto huota ndani ya siku tano hadi kumi, na harufu yake inafahamika. Ni ndugu wa kivumbasi kile kinachojiotea kando ya njia.

Kikundi cha kwanza kilileta udongo mwekundu kutoka kwao binti mmoja anayekaa huku Kilakala, pale Uluguru inapoanza kupanda. Cha pili, mchanga wa mtoni. Cha tatu, udongo mweusi wa chini ya migomba, umejaa majani yaliyooza.

Siku ya kumi tukahesabu. Migombani miche 16, mchangani 9, kwenye udongo mwekundu 2. Binti yule ndiye aliyekuwa na zamu ya kumwagilia. Nikamuuliza mbele ya darasa zima: "Hivi ulikuwa unamwagilia kweli?"

"Ndiyo, Madam. Kila siku."

Sikumwamini. Nikaandika kwenye daftari lao "uzembe", na alama nikakata.

Jioni nikabeba lile kopo hadi ninapopanga. Nikagonga uso wa udongo kwa kidole: mgumu kama sakafu. Nilipouvunja, chini kulikuwa na unyevu wa kutosha, na miche myeupe imejikunja, imeshindwa kutoka. Kumbe alimwagilia, tena pengine kuliko wote.

Chembe ya mfinyanzi haifiki hata milimita 0.002, wakati ya mchanga inaweza kufika 2. Maji yakimwagwa kwa nguvu, chembe hizo ndogo zinatawanyika, zinaziba matundu ya hewa, na jua likiwaka uso unakuwa gamba. Haragwe lingelivunja, maana lina nguvu na akiba kubwa ya chakula. Mbegu ya mrehani ni kitone tu. Nadhani ndiyo maana maharage tunayofundishia kila mwaka hayajawahi kutuonyesha tatizo hili.

Mchanga nao una yake. Hewa ipo tele, ila maji yanapita. Wale 9 walikaa Jumamosi na Jumapili bila kumwagiliwa. Jumatatu wamebaki 4. Yaani yale masharti yangu matatu, udongo ndio unaoyagawa, na mimi sikuutaja kabisa.

Mama mwenye nyumba alinikuta nimeinamia kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huo si wa kufyatulia matofali, mwanangu? Uchanganye kwanza."

Tukarudia. Makopo mawili ya udongo uleule mwekundu, moja la mchanga, moja la samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, vyote tukavichekecha. Mbegu tukazinyunyiza juu juu na kuzifunika kwa udongo wa nusu sentimita tu, kisha nyasi kavu kidogo, ambazo tuliziondoa miche ilipochomoza. Tulimwagilia kwa chupa yenye kizibo kilichotobolewa, bila kulowesha mno, kwa sababu udongo ukishinda umelowa kinyausi kinaingia na miche inaanguka shingoni.

Siku ya nane, 15 kati ya 20. Msiutupe udongo mwekundu, basi: mfinyanzi unashika maji na rutuba kuliko mchanga, unachohitaji ni kulegezwa.

Nilifuta lile neno "uzembe" na kurudisha alama. Nikamwomba radhi binti mbele ya wenzake, maana mbele yao ndiko nilikomlaumu. Aliitikia kwa kichwa tu. Baadaye akaja ofisini kuuliza kama anaweza kwenda na kopo lake nyumbani.