Hifadhi ya Kumbukumbu za Shule: Namna ya Kuianzisha na Kuitumia

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu mwanafunzi hufundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Ni nadra kufundishwa kutunza barua na rejesta atakazozikuta shuleni. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo.

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja mkoani Simiyu, alifika kijana aliyesoma hapo zamani. Alihitaji barua ya kuthibitisha mwaka wake wa kuzaliwa. Rejesta ya uandikishaji ilikuwamo shuleni, lakini ndani ya gunia sakafuni, na ukurasa wenye jina lake ulikuwa umeliwa na mchwa. Kijana aliondoka mikono mitupu. Ni dhahiri kwamba shule ile haikupoteza karatasi tu. Ilimpotezea mtoto wake ushahidi.

KUANZISHA HIFADHI

1. Kukusanya. Kabla ya kupanga chochote, andika kila kifurushi kilikutwa wapi na kina nini.

2. Kutenga kwa asili. Barua za ofisi ya elimu, mihtasari ya kamati ya shule na rejesta za wanafunzi zisichanganywe. Kanuni ya kuheshimu asili ya nyaraka iliwekwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1841, na hapa kwetu ina maana kubwa. Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Wakati huo pia Wilaya ya Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Hivyo shule iliyopo Itilima leo yaweza kuwa na barua za mwaka 2010 zenye anwani ya Bariadi, Shinyanga. Barua hizo zisihamishiwe jalada jipya. Jalada la zamani lifungwe kwa tarehe, na jipya lioneshe liliko lile la zamani.

3. Kuorodhesha. Kila barua ipewe namba ndani ya jalada, kisha iandikwe katika rejesta ya barua: tarehe ya kupokelewa, mwandishi, kumbukumbu namba, jambo linalohusika na jalada ilimo. Mwishoni mwa mwaka tengeneza faharasa ya mambo kwa alfabeti, kwani atafutaye hukumbuka jambo kabla ya tarehe.

4. Kutunza. Tumia kabati au sanduku la chuma lililoinuliwa kutoka sakafuni na mbali na ukuta. Likaguliwe kila muhula. Hatuna budi kukumbuka kwamba kumbukumbu za shule ya serikali ni mali ya umma chini ya Sheria Na. 3 ya mwaka 2002. Mwalimu hana ruhusa ya kuzichoma kwa sababu tu kabati limejaa.

KUITUMIA DARASANI

Somo: Historia, Darasa la Sita. Muda: dakika 40.

Vifaa: orodha ya idadi ya walioandikishwa Darasa la Kwanza katika miaka ya 2001, 2002, 2015 na 2016, iliyotolewa katika rejesta. Majina yasinakiliwe. Barua za nidhamu na habari za afya zisiingie darasani kamwe.

Wanafunzi, katika vikundi, walinganishe idadi hizo na kujiuliza kwa nini zimepanda au kushuka. Mwalimu asiharakishe kujibu. Baadaye aeleze kwamba Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, na kwamba mwaka 2016 michango ya lazima iliondolewa. Kisha aulize: je, aliyeandikishwa ndiye aliyehudhuria? Swali hilo litawapeleka kwenye daftari la mahudhurio, na huko watajifunza kuwa waraka mmoja haumalizi habari.

ZOEZI

(a) Katika shule yako ya mazoezi, tafuta barua ya miaka kumi iliyopita. Ilikuchukua muda gani, na kwa nini?

(b) Tengeneza faharasa ya jalada moja, kisha mwombe mwenzako aitumie bila msaada wako. Akishindwa, rekebisha faharasa, usimlaumu msomaji.